Simu ya Mzazi: Kutoka Sanduku la Posta hadi Simu Janja

Katika maduka ya simu ya Kariakoo, Dar es Salaam, na ya Luthuli Avenue, Nairobi, kuna mteja ambaye muuzaji humtambua kabla hajamaliza kueleza shida yake. Haulizi kamera, wala haulizi simu inabeba picha ngapi. Anataka simu ya mama, au simu ya mzee: rahisi, inayotunza chaji, isiyosumbua, ya kupeleka nyumbani.

Ombi hilo lina umri wa zaidi ya miaka ishirini, na karibu kila mara limetolewa na mtoto aliye mjini kwa niaba ya mzazi aliye kijijini. Ukifuatilia historia yake unakutana na mtu ambaye dukani hatajwi kabisa: mtu wa kati. Ndiye aliyemsomea mzazi barua, akambonyezea namba, akamtolea pesa kwa wakala. Aina za simu zimebadilika mara nyingi, lakini katika kila kipindi simu iliyomfaa mzazi ilikuwa ile iliyompunguzia haja ya kumwita mtu huyo.

Kabla ya simu kulikuwa na sanduku la posta, tena la kuazima. Barua ya mtoto ilipitia S.L.P. ya shule ya msingi au ya parokia, ikabebwa na mwanafunzi, na mara nyingi mwanafunzi huyohuyo ndiye aliyeisoma kwa sauti uani huku majirani wakisikia. Jambo la haraka lilikwenda kwa telegramu, iliyolipiwa kwa kila neno. Msiba ulitangazwa redioni. Matangazo ya vifo ya Radio Tanzania Dar es Salaam yalisikilizwa kwa makini hata na wasiotarajia habari yoyote, maana huenda jirani akatajwa. Aliyetaka kuongea na mwanawe alikwenda posta ya mjini, akamtajia karani namba, akasubiri aunganishwe, kisha akazungumza mambo ya nyumbani kwake mbele ya foleni.

Simu ya mezani haikuwahi kumfikia mzazi huyo. Kufikia mwaka 2000, Tanzania yenye watu zaidi ya milioni 30 ilikuwa na laini za mezani zisizofika 200,000, na Kenya ilikuwa na takriban 300,000. Nyingi zilikuwa mijini, katika ofisi na nyumba za wenye nafasi.

Mobitel ilianza huduma ya simu za mkononi Tanzania mwaka 1994, lakini simu ya miaka ile ilikuwa ya mfanyabiashara na ya mkubwa wa ofisi. Mambo yalibadilika mwaka 2000. Vodacom iliingia Tanzania, na huko Kenya Safaricom, ikishirikiana na Vodafone ya Uingereza, ikaanza kushindana na mtandao mwingine, Kencell. Vocha za kukwangua zilimwezesha mtu kununua muda wa maongezi kidogo kidogo bila mkataba na bila bili ya mwisho wa mwezi. Minara ikafuata barabara kuu, kisha ikapanda milima. Kijijini kila mtu akajua mahali mtandao unapopatikana: juu ya kichuguu fulani, chini ya mwembe fulani, au ukutani mwa zahanati.

Simu ya kwanza ya mzazi kwa kawaida ilikuwa ile mtoto aliyokwisha kuitumia. Aliponunua mpya, ya zamani ilifungwa kwenye mfuko wa plastiki pamoja na chaja na kupelekwa nyumbani kwa basi. Pamoja na simu walipanga utaratibu wa gharama: mzazi anabip, mtoto anapiga. Mlio mmoja uliokatika ulitosha kusema "nipigie", na mwenye mshahara ndiye aliyebeba gharama. Baadaye kampuni zenyewe ziliweka ujumbe wa bure wa kuomba kupigiwa, zikiufuata mtindo ambao familia zilikuwa zimeshauanzisha.

Kisha mwaka 2003 ikaja Nokia 1100, na hapo ndipo "simu ya mzee" ilipopata sura yake. Nokia iliitengeneza ikiwalenga watu wa nchi zinazoendelea, na ikauza zaidi ya milioni 250 duniani kote. Vitufe vyake vilifunikwa kwa mpira wa kipande kimoja ili vumbi lisipenye. Mgongo wake haukuteleza mkononi. Kitufe cha 5 kilikuwa na alama ndogo ya kupapasa kwa kidole gumba, hivyo asiyeona vizuri aliweza kuanzia hapo na kuzipata namba nyingine zote. Betri yake, BL-5C, ilikaa siku kadhaa, na hilo lilikuwa na uzito mahali ambapo kuchaji kulimaanisha kuiacha simu dukani kwa mwenye jenereta au betri ya gari na kumlipa.

Juu kabisa kulikuwa na tochi. Kijiji kisicho na umeme kilihitaji tochi kila usiku: njiani kutoka kwa jirani, zizini, chooni. Ndiyo sababu Watanzania wakaziita simu za namna hiyo kitochi, na Wakenya mulika mwizi. Mzazi ambaye hakupigiwa na mtu kwa wiki nzima bado alikuwa na sababu ya kuibeba simu yake na kuhakikisha ina chaji, na kwa hiyo mtoto alipopiga, alimpata.

Mwaka 2007 kazi ya simu hiyo ikaongezeka. Safaricom ilizindua M-Pesa Kenya mwezi Machi, na Vodacom ikaileta Tanzania mwaka uliofuata. Huko Kenya matangazo yake ya mwanzo yalihusu kutuma pesa nyumbani, na nyumbani kulimaanisha kwa wazazi. Awali pesa zilisafiri katika bahasha kwa kondakta wa basi au mfukoni mwa mtu wa kwao aliyekuwa akienda likizo. Sasa ziliingia kwenye kitochi kilekile. Mzazi wa Tanzania alibonyeza *150*00#, menyu ikafunguka kwa Kiswahili, na kila hatua ilikuwa kuchagua namba moja.

Hata hivyo M-Pesa ilimrudisha mtu wa kati kwa mlango mwingine. Kiasi, namba ya wakala na namba ya siri vilikuwa vingi kwa macho yaliyofifia, na menyu ilijifunga ukichelewa. Mjukuu akakabidhiwa simu, na mara nyingine akakabidhiwa namba ya siri pia. Wakala naye aliombwa "nisaidie mwanangu", akabonyeza kwa niaba ya mwenye pesa. Matapeli waliligundua pengo hilo mapema. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" umesambaa Tanzania kwa miaka mingi kwa sababu unamlenga hasa mtu anayetegemea kuelekezwa.

Laini yenyewe nayo mara nyingi ilikuwa kwa jina la mwingine. Mtoto alinunua laini mjini, akaisajili kwa jina lake, akampelekea mama. Usajili wa alama za vidole Tanzania, uliofikia ukomo wake Januari 2020, ulimtaka kila mtumiaji aje mwenyewe na utambulisho wa taifa wa NIDA na kuweka kidole chake kwenye mashine. Kwa wazee ulikuwa usumbufu wa foleni ndefu, lakini uliwapa pia laini na salio vilivyo vyao kwa sheria.

Wakati huo soko lilikuwa limekwisha kubadilika. Kampuni ya Transsion ya China, yenye chapa za Tecno na Itel, ilielekeza nguvu zake Afrika kuanzia mwaka 2008, ikaleta simu za laini mbili kwa watu waliokuwa wakibadilisha laini kila saa kukwepa gharama za kupiga mtandao mwingine. Pamoja nazo zilikuja simu feki, na wazee waliopelekewa za bei ya kutupa wakapata hasara: Kenya ilizima simu bandia mwaka 2012, na Tanzania ikafanya hivyo Juni 2016. Simu iliyokuwa ikiita jana ikawa kimya asubuhi.

Simu janja ya bei nafuu ilianza kuonekana mwaka 2011, pale Safaricom ilipouza Huawei IDEOS kwa takriban dola 100. Hiyo ilikuwa ya vijana. Mzazi alisogezwa kwenye simu janja na jambo lililotokea Agosti 2013, WhatsApp ilipoongeza ujumbe wa sauti. Mtu asiyesoma, au anayesoma kwa shida, sasa alishika kitufe kimoja na kusema alichonacho moyoni, kwa Kisukuma, Kikamba au Kiswahili chake, na mtoto akakisikia kwa sauti ya mama mwenyewe. Hakukuwa na mwanafunzi wa kusoma uani wala karani wa kuunganisha. Simu za video zikaongezwa mwaka 2016, na bibi aliyebaki Mtwara au Kisumu akamwona mjukuu aliyezaliwa Muscat au Toronto kabla hajaanza kutembea.

Kioo, hata hivyo, kilidai mikono ya aina nyingine. Mkulima aliyezoea kukandamiza kitufe mpaka kibonyee anakandamiza kioo vivyo hivyo, na kioo hakielewi nguvu, kinaelewa muda. Akichelewa kuinua kidole, alama ya programu inang'oka mahali pake. Akikisogeza kidogo, inahamia ukurasa mwingine au inatoweka. Simu ikiita, anabonyeza alama ya kijani kama alivyozoea, kumbe anatakiwa kuipangusa juu. Ngozi ya vidole iliyokakamaa kwa jembe wakati mwingine haisomwi na kioo kabisa.

Japani, nchi yenye wazee wengi, ililishughulikia tatizo hilo mapema. NTT DoCoMo ilianza kuuza simu za Raku-Raku mwaka 1999 zikiwa na maandishi makubwa na vitufe vichache, na ilipotoa simu janja ya jina hilo mwaka 2012, kioo chake kilitofautisha kugusa na kukandamiza, ili kidole kilichozoea kitufe kisipotee.

Afrika Mashariki ilipata jaribio la namna yake. Mwaka 2019 Vodacom Tanzania ilitoa Smart Kitochi, simu ya vitufe inayotumia mfumo wa KaiOS na iliyouzwa kwa chini ya shilingi 50,000. Umbo lilikuwa la kitochi, na ndani mlikuwa na intaneti na WhatsApp. Wazo lilikuwa jema, lakini simu ya namna hiyo huishi kwa uamuzi wa watu walio mbali, na mwaka 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye mfumo wa KaiOS. Familia zilizomnunulia mzazi simu hiyo kwa ajili ya WhatsApp zililazimika kutafuta nyingine.

Simu janja za bei nafuu zilizobaki sokoni ni za Android, na vikwazo vya bei vimepungua. Lipa Mdogo Mdogo ya Safaricom, iliyoanza mwaka 2020, ilimruhusu mteja kuchukua simu ya 4G kwa shilingi 20 za Kenya kwa siku baada ya malipo ya awali. Mwishoni mwa 2023 kiwanda kilichoko Athi River, Kenya, kilianza kuunganisha simu za Neon, na ya bei ya chini iliuzwa kwa shilingi 7,499 za Kenya.

Kwa hiyo swali la dukani leo halihusu bei peke yake, na majibu mengi yako katika historia hii. Kipaza sauti kisikike kwenye kelele za mashine ya kusaga. Betri ivuke siku mbili. Tochi iwashwe bila kutafutwa. Lugha iwekwe Kiswahili na maandishi yakuzwe kabla simu haijapanda basi, ukurasa wa kwanza ubaki na alama tatu au nne, na majina ya watoto yawekewe picha zao. Akaunti ya Google ifunguliwe kwa jina la mzazi, na neno la siri liandikwe kwenye daftari lake, kwa sababu simu iliyofunguliwa kwa akaunti ya fundi itamrudisha kwa fundi kila inapojifunga.

Familia nyingi zimekwenda hatua moja zaidi na kumwachia mzazi simu mbili. Laini ya pesa inabaki kwenye kitochi, ambako menyu ya namba anaijua na hakuna programu ngeni ya kupakuliwa kwa bahati mbaya. Simu janja inabeba laini nyingine, yenye bando dogo, kwa ajili ya sauti na sura. Wauzaji wa Kariakoo wanaujua mpango huo, na mteja wa simu ya mama akishalipia simu janja, wanamuuliza kama nyumbani kitochi bado kizima.