UZI: Mgomo ukitokea, mnunuzi anasimama wapi?

1/ Kila mgomo ukitangazwa hapa Kenya, lazima mtu aseme kwenye mjadala: "Haki yao sawa, lakini mbona mwananchi wa kawaida ndiye aumie?" Hata mimi nilikuwa naisema hiyo. Halafu nikasoma kuhusu mgomo wa supamaketi za kusini mwa California. Twende polepole.

2/ Tarehe 11 Oktoba 2003, wafanyakazi wa Vons na Pavilions waligoma. Kesho yake Ralphs na Albertsons, zilizokuwa upande mmoja na Vons kwenye mazungumzo, zikawafungia wafanyakazi wao nje. Jumla, takriban watu 59,000.

3/ Shida ilikuwa nini? Kampuni zilitaka wafanyakazi wachangie zaidi bima ya afya, na wanaoajiriwa upya walipwe kidogo. Zilisema Walmart inakuja na bei za chini, na wafanyakazi wake hawana chama. Hofu hiyo haikuwa ya kubuni.

4/ Wateja wengi walikataa kupita mbele ya wagomaji. Wakaenda maduka ya mbali, foleni ndefu. Asiye na gari alipata taabu zaidi. Kwa hivyo ndiyo, mnunuzi aliumia.

5/ Mwisho wa Oktoba, chama kikawaonea wanunuzi huruma. Kiliondoa wagomaji kwenye milango ya Ralphs ili watu wapate pa kununua. Sasa sikia hii: kampuni hizo zilikuwa na makubaliano ya kugawana faida wakati wa mgomo. Ralphs ikazilipa zile nyingine takriban dola milioni 146. Yaani uliikwepa Vons kwa kuwahurumia wagomaji, ukanunua maziwa Ralphs, na bado pesa yako ikafika Vons.

6/ Mgomo uliisha mwisho wa Februari 2004. Wafanyakazi wapya wakaingia kwa mshahara wa chini. Kazi ile ile, rafu ile ile, malipo tofauti. Ngazi hizo mbili zilifutwa na mkataba wa 2007.

7/ Kifungu cha 41 cha Katiba yetu kinampa kila mfanyakazi haki ya kugoma. Kwa hivyo mwanasiasa akikwambia tena "mwananchi anaumia", mkubalie, kisha muulize: mgomo ukiendelea, pesa ya huyo mwananchi inaingia mfuko wa nani? Mimi siku hizi naanzia hapo.