Fedha Iliyotangulia: Malipo ya Awali, Majeraha na Haki ya Kurudishiwa Mjini Goma

Mtu aliyelipia mafunzo ya viungo mjini Goma kabla ya kuyapata, kisha akavunjika mguu au akateguka bega asiweze kuhudhuria, hudai haki yake chini ya maandishi yaliyoutangulia mji wenyewe. Maandishi hayo ni amri ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba, iliyotolewa wakati Kongo ilipokuwa milki ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, miaka 22 kabla ya mataifa ya Ulaya kukubaliana mjini Brussels, mwaka 1910, juu ya mpaka unaopita Ziwa Kivu na kuzitenga Goma na Gisenyi. Amri hiyo ingali hai kama Kitabu cha Tatu cha Kanuni ya Sheria za Kiraia.

Ibara yake ya 33 inasema kwamba makubaliano yaliyofungwa kihalali ni sheria kwa walioyafunga, nayo Ibara ya 82 inahesabu kwamba katika kila mkataba wa pande mbili, yaani ule ambao kila upande una wajibu kwa mwenzake, imo haki ya kuuvunja iwapo upande mmoja hautimizi wajibu wake. Hapa ndipo ugumu unapoanza, kwa kuwa mwenye ukumbi ambaye milango yake iko wazi na mwalimu wake yuko tayari hajakosa kutimiza lolote. Aliyeshindwa ni mwili wa mteja. Hali ingekuwa nyingine kama jeraha lingetokana na chuma kibovu au uzembe wa mwalimu, maana Ibara ya 258 inamlazimisha kila aliyemdhuru mwenzake kwa kosa lake kumlipa fidia, na fidia hiyo haiishii kwenye ada ya mwezi. Kwa hiyo mteja aliyejikwaa barabarani, juu ya mawe ya volkano, ana dai dhaifu kuliko yule aliyeumia ndani ya ukumbi, ingawa maumivu ni yale yale.

Mlima Nyiragongo, volkano iliyo jirani na mji, umeonyesha upande wa pili wa kanuni hiyo. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipofunika kitovu cha biashara na sehemu ya njia ya ndege, na tena Mei 2021, wakati gavana wa kijeshi alipoamuru wakazi wa mitaa 10 kati ya 18 wahame, huduma zilizokwisha kulipiwa zilikatika kwa nguvu isiyozuilika, tukio ambalo hakuna mtu angeweza kulitabiri wala kulizuia. Katika hali kama hiyo mtoa huduma hatozwi fidia, lakini hana pia msingi wa kubaki na malipo ya kitu asichokitoa. Inashangaza kidogo kwamba sheria humpa mteja nguvu zaidi mlima unapowaka kuliko goti lake linapovunjika.

Hata hivyo, kurudishiwa fedha hakukuwa daima faida, na historia ya sarafu inaeleza kwa nini. Mwishoni mwa Desemba 1979 utawala wa Rais Mobutu ulizifuta ghafla noti za zaire 5 na 10, na waliokuwa wamezihifadhi majumbani wakapoteza akiba zao. Mwaka 1991 Bindo Promotion, mradi wa Kinshasa uliopokea fedha za watu kwa ahadi ya faida kubwa isiyowezekana, uliporomoka na amana za wengi. Oktoba 1993 zaire milioni 3 ziligeuzwa kuwa zaire mpya moja, na Juni 1998 zaire mpya 100,000 zikawa faranga moja. Katika miaka hiyo, ada iliyolipwa mwanzoni mwa mwezi na kurudishwa mwishoni kwa tarakimu zile zile ilikuwa imerudi bila thamani, na ndiyo sababu moja ya bei nyingi za Goma kutajwa kwa dola za Marekani.

Mazoea yalitafuta njia nyingine. Katika likelemba, chama cha akiba ambamo wanachama huchanga na kupokea kwa zamu, aliyepatwa na msiba au ugonjwa huweza kubadilishana zamu na mwenzake. Kinachosogezwa ni wakati, wala si fedha. Mfano mkubwa zaidi ulitokea Kinshasa mwaka 1974, pale George Foreman alipochanika juu ya jicho mazoezini siku chache kabla ya pambano lake na Muhammad Ali, lililopangwa tarehe 25 Septemba na kuahidiwa dola milioni 5 kwa kila bondia. Mkataba haukuvunjwa: pambano lilisogezwa hadi tarehe 30 Oktoba, huku tamasha la muziki lililoandaliwa pamoja nalo likiendelea kwa tarehe zake.

Kusogeza zamu, yaani kusimamisha malipo ya mwezi hadi mfupa uunge, ndiyo suluhu inayoufaa mji huu kuliko kesi. Waasi wa M23 walipoiteka Goma mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifungwa na mahakama za serikali zikasita kufanya kazi mjini. Aliyelipa kwa simu hubaki na ujumbe wa malipo kama ushahidi, lakini amri ya 1888 haina thamani kwa mdai asiye na hakimu wa kumpelekea. Ni heri masharti ya jeraha yaandikwe kwenye risiti kabla fedha haijatoka mkononi.