Tezi ya Shingo, Uzito wa Mwili na Biashara ya Aibu

Mtu ambaye tezi yake ya thairoidi imezorota hukabiliwa na hukumu mbili: ya mwili na ya jamii. Tezi hiyo, iliyoko mbele ya shingo, hutoa homoni zinazoongoza kasi ya mwili kutumia nishati. Inapolegea, mtu huchoka, huhisi baridi, hupata choo kigumu na kunenepa. Jamii, kwa kuwa haiioni tezi, humwita mvivu au mlafi. Historia inaonesha jinsi hukumu hiyo ilivyogeuzwa kuwa biashara.

Mwaka 1891, huko Newcastle, Uingereza, daktari George Murray alimchoma mwanamke wa miaka 46 sindano ya dawa iliyotokana na tezi ya kondoo. Mwanamke huyo alipata nafuu, akaishi hadi 1919. Mwaka 1914, Edward Kendall alifanikiwa kuitenga homoni yenyewe, thairoksini, nchini Marekani. Na mwaka 1927 Charles Harington na George Barger wakaiunda maabara.

Sayansi ilikuwa imepata badala ya kile kilichopungua mwilini. Soko likasikia jambo jingine: kwamba kila mnene anaweza kukondeshwa kwa tezi. Katikati ya karne ya 20, zahanati za kupunguza uzito nchini Marekani ziligawa vidonge vya rangi za kuvutia, vilivyochanganya homoni hiyo na amfetamini, dawa za kukojoza na dawa za moyo. Watu walikufa. Mwaka 1968 Seneti ya nchi hiyo ililazimika kuwasikiliza mashahidi. Hata leo maelezo ya thairoksini nchini humo hubeba onyo kali: isitumike kupunguza uzito.

Onyo hilo lina mantiki. Uzito unaoletwa na tezi peke yake aghalabu ni kati ya kilo 2 na 5, na sehemu kubwa ni maji na chumvi. Dozi sahihi humrudisha mgonjwa katika hali ya kawaida; haimkondeshi kupita hapo. Kuizidisha ni kuuchosha moyo na kudhoofisha mifupa. Kidonge humezwa kwa maji kabla ya kula, mbali na vidonge vya madini ya chuma na kalisi, kisha damu hupimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8. Dozi ikikaa sawa, kazi iliyobaki ni ile ile ya kila mtu: chakula cha kiasi, mazoezi na usingizi.

Kwetu Tanzania, dola imewahi kuingilia afya ya tezi hii. Rovu lilipoenea nyanda za juu, hatukuwahubiria wananchi juu ya uvivu. Tuliweka madini joto kwenye chumvi. Busara hiyo bado inahitajika. Kipimo cha damu kiwe karibu na mwananchi, na matangazo ya dawa za kukondesha yadhibitiwe. Panapokosekana kipimo, muuza unga wa miujiza ndiye hugeuka daktari.