Shukrani Huanzia kwa Jirani: Somo Kutoka Rohero na Buyenzi



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi, kila mtu anatafuta furaha. Wengi tunadhani itakuja siku tutakapopata nyumba nzuri, kazi nzuri au safari ya Ulaya. Leo tuitazame historia ya mji wa Bujumbura, tuone waliotutangulia waliipata wapi.

Mji huu ulianza kama kituo cha kijeshi cha Wajerumani mwaka 1897, ukiitwa Usumbura. Wabelgiji waliuteka mwaka 1916, kisha ukawa makao makuu ya Ruanda-Urundi. Wakoloni waliugawa mji kwa rangi za watu. Rohero ilikuwa upande wa Wazungu, Waasia walikuwa na mtaa wao, na Waafrika waliwekwa kando. Buyenzi ikawa nyumba ya Waswahili: watu waliotoka Ujiji na Kongo, pamoja na Warundi waliosilimu. Mzee wa Buyenzi aliingia Rohero kufanya kazi, jioni akarudi kwake.

Mwaka 1957 Mwanamfalme Louis Rwagasore alianzisha ushirika wa wafanyabiashara, na Waswahili wa mji walikuwa miongoni mwa waliomuunga mkono mapema. Chama chake cha UPRONA kilishinda uchaguzi wa Septemba 1961. Aliuawa tarehe 13 Oktoba mwaka huohuo, hakuuona uhuru wa 1 Julai 1962. Leo barabara ya Rohero ina jina lake. Ewe mwanafunzi unayepita pale ukienda shule, ujue kuwa njia hiyo ililipiwa.

Ukaja mtihani mkubwa zaidi. Rais Melchior Ndadaye aliuawa tarehe 21 Oktoba 1993, na vita vikaanza. Mitaa mingi ya Bujumbura ikagawanyika, huku Wahutu, kule Watutsi. Buyenzi nayo haikusalimika. Machi 1995 mtaa huo na Bwiza ilishambuliwa, watu wakafa na wengine wengi wakakimbilia Uvira. Hata hivyo, Waislamu wengi wa Buyenzi walikataa kuingizwa katika uadui wa kikabila. Walificha majirani ndani ya nyumba zao, Wahutu na Watutsi, Waislamu na wasio Waislamu. Waliokuwa wakisali safu moja na kula sinia moja hawakukubali kuuana.

Ndugu zangu, mapenzi ya namna hiyo hayazaliwi siku ya hatari. Aliyemfungulia jirani mlango usiku wa risasi alikuwa amekwisha kumpelekea futari miaka mingi, amemzika mzazi wake, amemkopesha chumvi. Vitu vidogo vya kila siku ndivyo vilivyookoa roho.

Mwaka 2005 Idd-ul-Fitri ilifanywa sikukuu ya taifa nchini Burundi, ingawa Waislamu ni wachache. Tunaposherehekea na watoto wetu tukumbuke kuwa heshima hiyo nayo ni neema.

Kisha Jumapili ya 27 Januari 2013 soko kuu la Bujumbura, hapo hapo Rohero, liliteketea kwa moto. Rwanda ilituma helikopta kusaidia kuuzima. Maelfu ya wafanyabiashara walipoteza mali, wengine wakiwa na deni la benki. Duka lililojengwa kwa miaka mingi liliisha kwa siku moja. Mwenye kuweka furaha yake yote katika bidhaa angebaki na nini? Waliobaki na familia, afya na jamaa wa kuwakopesha mtaji mdogo walikuwa na pa kuanzia.

Mwaka 2014 mipaka ya mji ilipangwa upya, na Rohero na Buyenzi zikawekwa katika komine moja ya Mukaza. Mitaa iliyotenganishwa na mkoloni sasa ina komine moja. Mioyo yetu je?

Katika Sura Ibrahim, aya ya 7, Mwenyezi Mungu ameahidi kumzidishia mwenye kushukuru. Na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa asiyewashukuru watu hajamshukuru Allah. Basi tuanzie nyumbani:

1. Baba amshukuru mama kwa chakula, hata kikiwa ugali na ndagala tu.
2. Watoto wawaulize babu na bibi: nani alitusaidia wakati wa vita? Kama yu hai, waende wakamsalimie.
3. Kila familia imjue jirani yake kwa jina, awe wa dini au kabila lolote, na impelekee sahani ya chakula kabla hajapatwa na shida.

Amani tuliyo nayo leo ina wenyewe walioilinda. Asiyewajua atashindwa kushukuru, na asiyeshukuru huichezea.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe miongoni mwa wenye kushukuru, uwarehemu waliotutangulia na uilinde nchi yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.