Natalia Partyka na Mipaka Iliyochorwa na Watu

Mara nyingi ofisi zetu huuliza kama mtu mwenye ulemavu ataliweza sharti fulani. Ni nadra kuuliza kama sharti lenyewe lina sababu. Kwa ajili hiyo naona maisha ya Natalia Partyka, mchezaji wa mpira wa meza kutoka Poland, yastahili kusomwa na watunga sera, si wapenzi wa michezo pekee.

Mpira wa meza umekuwamo katika Michezo ya Paralimpiki tangu ile ya kwanza, Roma 1960. Lakini wakati huo walioshindana walikuwa watumiaji wa viti vya magurudumu tu. Waliokosa mkono au mguu walisubiri hadi Toronto 1976. Mpaka huo uliwekwa na watu, na watu ndio waliousogeza.

Partyka alizaliwa Gdańsk mwaka 1989, bila kiganja cha kulia wala sehemu kubwa ya mkono chini ya kiwiko. Alishiriki Paralimpiki ya Sydney 2000 akiwa na miaka 11. Alitwaa dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja Athens 2004, kisha akaitetea Beijing 2008, London 2012 na Rio 2016. Huko Beijing alicheza Olimpiki pia, kama alivyofanya muogeleaji Natalie du Toit wa Afrika Kusini mwaka huohuo. Katika Michezo ya Tokyo, iliyofanyika 2021, Qian Yang wa Australia alimshinda kwenye nusu fainali. Hata hivyo Partyka alipata dhahabu ya timu.

Kanuni za mchezo huu hutaka mpira ulale juu ya kiganja kilicho wazi, kisha urushwe juu angalau sentimita 16 kabla ya kupigwa. Partyka huuweka kwenye kiwiko cha mkono wake mfupi na kuurusha kutoka hapo. Kanuni hizohizo humruhusu mwamuzi kulegeza sharti la kuanzisha mpira pale ulemavu unapomzuia mchezaji kulitimiza.

Wapo watakaouita huo upendeleo. Mimi nakataa. Partyka hapewi pointi za bure, meza haifupishwi, wala wavu haushushwi. Kinacholegezwa ni namna ya kushika mpira. Ushindani unabaki vilevile. Ndivyo inavyotupasa kuyapima masharti ya ajira na masomo: lipi ni kiini cha kazi, na lipi ni mazoea tu?

Lakini tusimgeuze bingwa huyu kuwa kipimo kipya. Kanuni ile haikuandikwa kwa ajili ya washindi. Inamlinda hata anayetolewa raundi ya kwanza. Karani, mwalimu au mwanafunzi mwenye ulemavu hadaiwi medali ili afunguliwe mlango. Anastahili kufunguliwa akiwa mtu wa kawaida, mwenye uwezo wa kawaida, kama wengi wetu tulivyofunguliwa.