Pipi kwa Tuzo, Kichura kwa Adhabu: Malezi ya Ulaji na Mazoezi katika Darasa la Awali

Mtoto wa darasa la awali nchini Tanzania hukariri mapema kwamba kuna vyakula vya kutia nguvu, vya kujenga mwili na vya kulinda mwili. Chati yake iko ukutani. Lakini siku anayojibu vizuri, mara nyingi hupewa pipi au biskuti huku wenzake wakimpigia makofi. Na siku anayochelewa au kupiga kelele, hurushwa kichura au kuzungushwa uwanja. Hoja ya makala haya ni kwamba somo linalomwingia mtoto ni hili la pili, na kwamba elimu ya lishe na mazoezi kwa watoto wadogo haitashika mizizi mpaka tubadili tuzo na adhabu zetu.

Mwanasaikolojia Mmarekani Leann Birch alilichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 1980, yeye na wenzake walionyesha kwamba watoto wa chekechea waliopewa kitafunwa kama zawadi, au kwa uchangamfu wa mtu mzima, walizidi kukipenda kitafunwa hicho. Mwaka 1984 walichapisha matokeo ya upande wa pili: watoto walioambiwa wanywe kinywaji fulani ili wapate zawadi walipungukiwa na hamu ya kinywaji chenyewe. Kwa hiyo mzazi anayesema “maliza mchicha nikupe soda” anafundisha mambo mawili kwa mkupuo mmoja: kwamba mchicha ni ushuru wa kulipwa, na kwamba soda ndiyo kitu chenye thamani. Hakukusudia hivyo, wala hana nia mbaya. Anamtakia mwanawe afya, na njia aliyoishika inampeleka kinyume.

Ugumu unaongezeka kwa sababu mtoto wa kati ya miaka miwili na sita kwa kawaida hukiogopa chakula kigeni. Tafiti za kuonjesha zinaonyesha kwamba huenda akahitaji kukionja mara nane, kumi, hata kumi na tano kabla hajakizoea. Wengi wetu hukata tamaa mara ya tatu na kutangaza mbele yake kwamba “huyu hapendi mlenda”. Akishalisikia hilo, mtoto hulichukua kuwa sehemu ya jina lake.

Kwa upande wa mwili, Shirika la Afya Duniani lilielekeza mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka mitatu hadi minne achangamshe mwili kwa dakika zisizopungua 180 kwa siku, na 60 kati ya hizo ziwe za kutoa jasho. Mtoto anayecheza kombolela, rede au kuruka kamba hadi magharibi huzifikia bila kuhesabiwa. Shule nazo zilikuwa na mchakamchaka wa asubuhi, mbio za pamoja zenye nyimbo, na sidhani kama tumewahi kubuni somo la mazoezi lililo bora kuliko hilo. Shule hizohizo ndizo zilizoigeuza miguu ya mtoto kuwa mahali pa kumwadhibia. Shamba nalo limepatwa na yaleyale. Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere, mwaka 1967, ilitaka shamba la shule liwe sehemu ya kujifunza na kuzalisha. Wanafunzi wengi wamelijua kama mahali unapopelekwa na jembe ukikosea. Tusishangae wakikua wakiona kutoka jasho ni fedheha.

Nitaambiwa kwamba haya ni mazungumzo ya walioshiba. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na mtoto aliyetoka nyumbani bila hata chai anahitaji uji kwanza. Nakubali bila shaka: uji utangulie chati. Lakini Iringa, mkoa unaolisha mikoa mingine, ulikuwa na zaidi ya nusu ya watoto wake wamedumaa katika utafiti huohuo. Ghala lililojaa halitoshi; kuna suala la nini kinachoingia katika bakuli la mtoto, na kwa mkono wa nani.

Hapo sinia letu linastahili kutazamwa kwa makini. Wahudumu wa afya hushauri mtoto mdogo apakuliwe peke yake, na wana sababu: kwenye sinia mkono wa mkubwa una kasi, vipande vya samaki huisha kabla ya vidole vidogo kufika, na mama hawezi kujua mwanawe amekula kiasi gani. Hata hivyo, mtoto anayelishwa kando, tena mbele ya televisheni, hunyimwa mwalimu wake mkuu, maana hujifunza kula kisamvu kwa kumwona babu akikifurahia. Msimamo wangu ni kwamba bakuli liwe lake na mkeka uwe wa wote.

Tusiwaonee wauzaji wa langoni pia. Mama anayeuza krispi na ubuyu wa rangi anatafuta riziki; shule ikikubaliana naye, atauza karanga, ndizi na machungwa kwa watoto walewale.

Mwalimu wa awali, mwenye darasa lililofurika, hushika pipi kwa sababu zana zake ni chache. Basi apewe nyingine zisizogharimu kitu. Aliyejibu vizuri achague mchezo wa mapumziko, aongoze wimbo wa mchakamchaka, au awe wa kwanza kumwagilia tuta la mchicha. Na waraka wa kupiga marufuku kichura na jembe kama adhabu kwa watoto wa umri huu unaweza kuandikwa hata kabla ya muhula ujao.