Mholanzi wa kufuli na funguo

Waulize vijana wanaotengeneza programu za simu Hanpeter van Vliet ni nani, wengi watakutumbulia macho. Nami nilikutana na jina lake wakati nafuatilia kwa nini programu hizi hufumuliwa kirahisi namna hii.

Turudi 1995. Kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani inatoa lugha ya Java. Sifa yake kubwa: andika programu mara moja, itatembea kwenye kompyuta za kila aina. Ili hilo liwezekane, programu haigeuzwi moja kwa moja kuwa lugha ya mashine fulani, inageuzwa kuwa lugha ya katikati iitwayo baitikodi. Humo ndani majina mengi aliyotoa mwandishi yanabaki vilevile. Kama sehemu fulani aliiita "hakikiNywila", jina hilo linasafiri hadi kwa mteja. Ni kama fundi cherehani kukuuzia suti ambayo bado ina alama za chaki.

Mwaka 1996 van Vliet akatoa Mocha (jina la kahawa, kama Java yenyewe). Unailisha baitikodi, inakutemea maandishi ya programu yanayosomeka. Zogo likazuka! Waliodhani siri zao zimefungiwa wakajikuta uchi, na ikabidi aiondoe kwa muda. Lakini Mholanzi huyo huyo alikuwa na Crema, programu ya kuvuruga majina ili mfumuaji aambulie herufi zisizo na maana. Wapo watakaosema huo ni ujanja wa muuza kufuli. Mimi sioni hivyo. Udhaifu ulikuwa ndani ya Java, yeye aliuonyesha tu. Saratani ilimuua tarehe 31 Desemba 1996, akiwa na miaka 34.

Mwaka 2002 Mbelgiji Eric Lafortune akatoa ProGuard, inayofanya kazi ile ile ya kuvuruga majina, tena bure. Simu ya kwanza ya Android ikaingia sokoni 2008, programu zake zikiandikwa kwa Java. Baitikodi yake ni ya aina nyingine, ila ugonjwa ni ule ule. Mwishoni mwa 2010 Google wakaiweka ProGuard kwenye vifaa vyao vya watengenezaji, na 2019 R8 ikachukua nafasi yake.

Kinachonisumbua ni wale wanaovuruga majina halafu wanaacha ndani ya programu ufunguo wa kuingilia kwenye seva. Ufunguo hauvurugiki kwa njia hiyo, lazima ubaki kama ulivyo ili ufanye kazi. Auguste Kerckhoffs (naye mzaliwa wa Uholanzi, angalia mambo!) aliandika tangu 1883 kwamba mfumo wa siri uwe salama hata adui akiujua, mradi asiwe na ufunguo. Kwa programu ya benki, maana yake uamuzi wa kutoa fedha ufanywe na kompyuta ya benki yenyewe, kwa sababu programu iliyo kwenye simu ya mteja, mwizi naye anaipakua.